Kilimo hai kinaweza kulisha Kivu, lakini si kwa udongo wenye njaa

Kila siku chukudu zinateremka kutoka Kibumba, katika teritwari ya Nyiragongo, zikiwa zimejaa mifuko ya viazi, shu na karoti kwa ajili ya masoko ya Goma. Mji unakula. Maganda ya viazi na majani ya shu yanatupwa pembeni ya soko, yanaoza, kisha mvua inayasukuma kuelekea ziwani. Chukudu zinarudi mlimani na sabuni, chumvi na mafuta. Hakuna inayorudisha shambani kile ambacho shamba limetoa.

Safari hiyo ya upande mmoja inastahili kuwa mbele ya macho ya kila mtu anayezungumza juu ya kilimo hai, kile ambacho wengi hapa wanakiita "bio". Duniani mjadala ni mkali. Kuna wanaosema kwamba bila mbolea za kiwandani watu watakufa njaa. Kuna wengine wanaosema kwamba mbolea hizo na dawa za kuua wadudu zinaharibu ardhi, maji na afya, na kwamba binadamu alikula maelfu ya miaka bila kuzijua. Kwa wakaaji wa Kivu na Ituri, mjadala huu si wa vitabuni. Unagusa sahani ya jioni.

Njaa yenyewe haihitaji maelezo marefu. Kufuatana na mashirika ya Umoja wa Mataifa, watu karibu milioni 733 walikabiliwa na njaa duniani mwaka 2023. Katika Kongo peke yake, tathmini iliyotangazwa mwezi Machi 2025 ilihesabu watu milioni 28 wanaokosa chakula cha kutosha, na majimbo ya mashariki yako mstari wa mbele. Hii ni nchi inayosemwa kuwa na hekta milioni 80 za ardhi ya kulima, na sehemu ndogo tu ndiyo inayolimwa. Mtu anayetaka kujua kama kilimo hai kinaweza kulisha dunia, aanze na swali lililo karibu zaidi: kinaweza kulisha Walungu, Masisi na Lubero?

Hesabu za dunia zinasema nini

Watafiti wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2012 katika jarida la Nature ulilinganisha mashamba ya kilimo hai na yale yanayotumia mbolea na dawa za viwandani. Ulikuta kwamba kilimo hai kinavuna kidogo zaidi, kwa tofauti inayoanzia asilimia 5 na kufika asilimia 34, kufuatana na zao, udongo na ujuzi wa mkulima. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015 ulikadiria tofauti ya wastani kuwa karibu asilimia 19, na ukaonyesha kwamba inapungua pale mkulima anapobadilisha mazao kila msimu au kuyachanganya shambani.

Mwaka 2017, watafiti wengine waliuliza kama dunia yote inaweza kula kwa kilimo hai itakapofika mwaka 2050. Jibu lao lilikuwa ndiyo, lakini kwa masharti: chakula kinachotupwa kipungue kwa nusu, na nafaka zinazolimwa kwa kulisha mifugo zipungue sana. Leo, ardhi inayolimwa kwa kilimo hai chenye cheti inakaribia tu asilimia 2 ya ardhi yote ya kilimo duniani. Kwa upande mwingine, inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wanaishi kwa chakula kilichokuzwa kwa azoti ya kiwandani. Anayedai kwamba mbolea hiyo inaweza kuondolewa kesho asubuhi, anasahau watu hao.

Lakini ndani ya hesabu hizi kuna jambo ambalo mkulima wa Kivu anapaswa kuliona. Majaribio mengi kati ya hayo yalifanyika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako shamba la kawaida linapata mbolea nyingi, mbegu bora na mashine. Pale, kuacha mbolea ya kiwandani ni kushuka ngazi moja. Mama wa Walungu hayuko juu ya ngazi hiyo. Kongo iko kati ya nchi zinazotumia mbolea ya kiwandani kidogo kabisa duniani. Mwaka 2006, viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kuahidi kwamba kila hekta itapata kilo 50 za virutubisho vya mbolea kabla ya mwaka 2015. Walipokutana tena Nairobi, mwezi Mei 2024, bara lilikuwa bado halijafika hata nusu ya ahadi hiyo.

Kukosa mbolea si kilimo hai

Kutokana na hali hiyo, kumezaliwa sifa moja ya uongo. Mara nyingi husikika kwamba Kongo "tayari ni bio", kwamba wakulima wetu wako mbele ya wazungu bila kujua. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini hayajazi sufuria. Shamba ambalo halipati dawa, halipati samadi, halipumzishwi, na ambalo udongo wake unashuka na mvua kila mwezi wa nne, haliwezi kuitwa shamba la kilimo hai. Ni shamba lililoachwa. Mhogo katika nchi hii unatoa wastani wa tani 8 hivi kwa hekta, wakati mmea huo huo, ukipata mbegu nzima na udongo mzuri, unaweza kutoa mara mbili na zaidi.

Kilimo hai cha kweli ni kazi ya kurudisha. Kila gunia la maharagi linaloondoka shambani linaondoka na azoti, fosforasi na potasi. Mkulima anayefuata njia hii analazimika kuvirudisha kwa samadi, kwa majani yaliyooza, kwa mazao ya jamii ya maharagi na soya ambayo mizizi yake inavuta azoti kutoka hewani, kwa miti na mistari ya majani inayozuia mmomonyoko. Kanuni za kimataifa za kilimo hai zinaruhusu hata chokaa na fosfati ya mawe iliyosagwa. Hakuna mahali zinaposema kwamba udongo uachwe ufe.

Udongo wenyewe haulingani kila mahali. Chini ya volkano, upande wa Rutshuru na sehemu za Masisi, ardhi bado ina nguvu. Katika milima ya Walungu na Kabare, ambako familia nyingi hazifikishi hata nusu ya hekta, ardhi imechoka, na sehemu kubwa ina asidi inayofunga fosforasi hata mmea usiipate. Mboji inayotengenezwa kwa majani ya shamba lililo maskini inatoka nayo ikiwa maskini. Haiwezi kutoa kile ambacho udongo haukuwa nacho. Kwa mashamba ya namna hiyo, wimbo wa "tumia mboji tu" hautoshi.

Somo kutoka Sri Lanka

Nchi moja ilijaribu kuruka mto kwa hatua moja. Mwezi Aprili 2021, Rais Gotabaya Rajapaksa wa Sri Lanka alitangaza kwamba nchi yake inaacha kuingiza mbolea na dawa za viwandani, na kwamba wakulima wote watakuwa wa kilimo hai. Hazina ya nchi ilikuwa inakauka, na kuacha kununua mbolea nje kulionekana pia kama njia ya kuokoa dola. Wakulima hawakupewa muda. Mboji ya kutosha kwa nchi nzima haikuwepo, wala mafunzo.

Mavuno ya mpunga yalianguka vibaya, mashamba ya majani ya chai yaliumia, na nchi iliyokuwa inajitosheleza kwa mchele ikalazimika kuununua nje. Mwezi Novemba mwaka huo huo, serikali ilirudi nyuma. Mwezi Julai 2022, rais alikimbia nchi, mbele ya hasira za wananchi waliokuwa wamechoka na madeni, ukosefu wa mafuta na bei ya chakula. Marufuku ya mbolea haikuwa sababu pekee ya anguko hilo, lakini ilimwaga mafuta juu ya moto.

Wapinzani wa kilimo hai wanapenda kutaja Sri Lanka kama ushahidi wa mwisho. Ukweli ni kwamba kisa hicho kinahukumu haraka na amri, zaidi ya samadi. Udongo uliozoea mbolea ya kiwandani kwa miaka hamsini hauwezi kubadilishwa kwa tangazo la redio. Na upande wa pili nao una somo lake. Tangu mwezi Februari 2022, vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mbolea dunia nzima, kwa sababu azoti ya kiwandani inatengenezwa kwa gesi, na Urusi ni mmoja wa wauzaji wakubwa. Mkulima anayetegemea mfuko wa urea tu, anaweka sufuria yake mikononi mwa vita vya watu wengine.

Yanayofanya kazi hapa

Mashariki ya Kongo ina mifano inayoonyesha kwamba ujuzi unaweza kufanya kazi ambayo chupa ya dawa haiwezi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, mnyauko wa migomba ulioonekana kwanza Masisi ulisambaa Kivu yote na kumaliza mashamba. Hakuna dawa ya dukani inayouponya. Kinachookoa migomba ni kukata ua la dume kwa mti wenye panda, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuondoa shina lenye ugonjwa mapema badala ya kung'oa shina lote la familia. Wakulima waliofuata njia hiyo kwa pamoja, kijiji kizima, walirudi kuvuna ndizi.

Kwenye vilima, titonia, yale majani machungu yenye maua ya njano yanayoota pembeni ya barabara na kwenye nyua, yana azoti nyingi. Yakikatwa na kufukiwa shambani wiki chache kabla ya kupanda, yanafanya kazi ya mbolea bila kulipiwa dola. Nchini Kenya, kituo cha utafiti cha icipe kilionyesha kwamba kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na majani ya tembo pembezoni, kunapunguza viwavi wanaotoboa mabua, na papo hapo kunalisha ng'ombe na udongo. Katika jirani Uganda, mamia ya maelfu ya wakulima wanatambuliwa kuwa wa kilimo hai na wanauza nje.

Kivu nayo inauza. Kahawa ya pembeni ya ziwa, pamoja na ile ya wanachama wa ushirika wa SOPACDI upande wa Minova, na kakao ya Beni, zinapata cheti cha kilimo hai na zinanunuliwa Ulaya na Marekani kwa bei nzuri zaidi. Ni jambo la kujivunia. Lakini hapo kuna maumivu yake: mtoto wa Beni hali kakao. Cheti kinamlinda mnywaji wa kahawa wa mbali, wakati tomati na lengalenga za soko la karibu zinapuliziwa dawa ambazo muuzaji wake hajui kusoma maandishi ya chupa, mara nyingine siku mbili kabla ya kuchumwa. Kama neno "bio" lina maana ya afya, basi lianze na chakula cha wakaaji wa hapa.

Mzigo uko mgongoni mwa nani?

Wanaohubiri samadi wanasahau uzito wake. Tani 10 za samadi ya ng'ombe zinabeba takriban kilo 50 za azoti, kiasi kinachokaribia kile cha mifuko miwili ya urea. Mifuko miwili inapanda mlima na pikipiki moja. Tani 10, kwa vitunga vya kilo 30, ni safari zaidi ya 330 mgongoni mwa mwanamke, kwa hekta moja. Hata kwa nusu ya hekta, ni safari zaidi ya 160, kabla ya kutafuta kuni, maji na kupika. Mpango wowote wa kilimo hai usiozungumza juu ya mgongo wa mama, umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kubeba kitunga.

Na samadi yenyewe itoke wapi? Ng'ombe mzima anaweza kutoa kilo 15 hadi 20 za mavi kwa siku, lakini ng'ombe wengi wa Masisi, Fizi na Djugu wameporwa au wameuawa katika vita. Ng'ombe anapoibiwa, familia inapoteza maziwa, ada za shule na mbolea ya miaka. Hilo la tatu halitajwi katika ripoti yoyote ya hasara.

Kuna pia swali la ardhi. Faida ya mboji na ya miti haionekani msimu wa kwanza, inaonekana baada ya miaka miwili au mitatu. Mtu anayekodi kipande ndani ya konsesiyo ya tajiri, na anayeweza kufukuzwa mara tu shamba linapoanza kupendeza, hana sababu ya kulisha udongo wa mwingine. Anavuna haraka na anaondoka. Vivyo hivyo kwa mkimbizi wa ndani anayelima pembeni ya barabara bila kujua kama atalala pale kesho. Tangu mapigano yaliporudi Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2021, mamia ya maelfu ya familia zimehama, zimerudi, zimehama tena. Mashamba yao hayakukosa mbolea kwanza. Yalikosa mwenyewe.

Kinachopaswa kufanyika

Kwa hiyo, kumwambia mkulima wa mashariki achague kati ya mboji na mfuko wa dukani ni kumfunga macho. Pale udongo ulipo na nguvu, samadi, maharagi, titonia na mistari ya kuzuia mmomonyoko vinaweza kuinua mavuno bila kitu kingine. Pale udongo umechoka kabisa, chokaa na kiasi kidogo cha mbolea ya kiwandani, kikiwekwa shimoni pamoja na samadi, kinaweza kuamsha shamba ili baadaye lijitunze. Mbolea ya kiwandani kwenye udongo usio na mboji inapotea na mvua. Hilo wanajua hata wale waliopoteza pesa zao humo.

Kazi nyingine ni za viongozi. Mwaka 2003, mjini Maputo, nchi za Afrika, Kongo ikiwemo, ziliahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Ahadi hiyo Kinshasa haijaitimiza, na matokeo yake yanaonekana: agronomu wa Serikali asiye na pikipiki, kituo cha utafiti cha INERA Mulungu kinachofanya kazi kwa kusubiri wafadhili, mkulima anayepata ushauri kutoka kwa muuza dawa peke yake. Sheria ya kilimo ipo tangu mwezi Desemba 2011. Wakulima wanaokodi ardhi wangali bila karatasi inayowalinda hata kwa misimu mitatu. Mabunge ya majimbo na watawala wa kimila wanaweza kuanza hapo, kwa mkataba wa maandishi wa miaka, bila kungoja mfadhili.

Wenye maduka ya dawa za kilimo wanapaswa kulazimishwa kuuza chupa zenye maelezo katika Kiswahili, na zile zilizokatazwa kwingine ziondolewe mezani. Baryeri ambazo mkulima analipishwa pesa kila kilomita chache zinakula sehemu ya jasho lake kabla hajafika sokoni. Hakuna mboji inayoweza kuziba tundu hilo.

Na taka za miji ziache kuwa aibu. Yeyote anayeongoza mji wa Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, leo au kesho, ana karibu na masoko yake mlima wa maganda, majani ya shu na mabua ya sombe, unaooza bure. Kutenganisha vinavyooza na plastiki, kuviweka kwenye mashimo kwa miezi michache, na kuvirudisha mashambani kwa magari yale yale yanayoleta chakula, ni kazi inayoweza kuwapa vijana wengi mkate. Haihitaji kiwanda cha mamilioni. Inahitaji uwanja, koleo, mtu wa kusimamia, na usalama barabarani.

Kilimo hai hakitalisha dunia kwa kusifiwa, na hakitalisha Kivu kwa sababu tu watu wake hawana pesa ya mbolea. Kitalisha watu siku udongo utakapohesabiwa kama mali inayolipwa deni lake, na siku anayelima atakapokuwa na uhakika wa kuvuna alichopanda. Chukudu za Kibumba zitaendelea kuteremka kesho asubuhi. Kama zitapanda tena bila chochote cha kurudisha shambani, basi mwaka kwa mwaka mifuko itapungua, na mji ndio utakaokuwa wa kwanza kuuliza kwa nini.